Kujiandaa kwa mkutano wa wakusanyaji wa wanasesere Kisumu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wale watakaoleta wanasesere Kisumu kutoka Nakuru, Kericho, Kakamega, Bungoma, Busia na kwingineko. Tumejibu kwa urefu pale ambapo watu huharibu vitu vyao kwa kutojua, na kwa ufupi pale pasipo na mengi ya kusema.

Mkutano wenyewe una nini?

Kuna meza za mauzo, meza za maonyesho ambazo vitu vyake haviuzwi, mashindano, na darasa la mikono kama kushonea kichwa nywele mpya au kukata nguo ndogo. Pembeni huwa kuna meza ya kubadilishana, na hapo pesa haitembei. Mikutano ya namna hii ilikomaa Marekani: shirikisho la United Federation of Doll Clubs liliundwa mwaka 1949, na mkutano wa kitaifa wa wakusanyaji wa Barbie ulifanyika mara ya kwanza New York mwaka 1980. Muundo ni ule ule. Kinachobadilika huku ni joto, unyevu wa ziwa, vumbi la safari na aina ya wanasesere wanaopatikana, na ndiyo maana mwongozo wa ng'ambo hautoshi.

Nina wadoli wa mtumba tu. Naruhusiwa kuja?

Njoo, na uje na meza ukitaka. Mtumba ndio mlango wa kawaida wa kuingilia. Beli la vitu vya watoto likifunguliwa soko la Kibuye hapa Kisumu siku ya Jumapili, wadoli humwagwa pamoja na vigari na dubu wa manyoya, wengi uchi, nywele zimesokotana. Muuzaji hupanga bei kwa ukubwa na usafi wa uso, wala si kwa chapa. Kwa hiyo usiangalie uso kwanza. Mgeuze, usome mgongo, kiuno na shingo chini ya nywele. Mshike mguu na kuubonyeza. Mguu mwepesi ulio tupu ndani, wenye mshono mkali ubavuni na neno CHINA tu bila jina la kampuni, kwa kawaida ni wa mwigo wa bei nafuu. Mguu mzito unaokunja goti kwa kishindo kidogo cha "tak" una kiunzi ndani, na huyo anastahili kuangaliwa mara ya pili.

Mwigo nao si takataka. Ukimvisha vizuri na kuandika wazi kwamba ni mwigo, ana nafasi yake mezani.

Mwaka ulioandikwa mgongoni ndio mwaka aliotengenezwa?

La. Hili huwapoteza wengi kuliko jambo jingine lolote. Mwaka ulio mgongoni au kiunoni ni wa haki miliki ya umbo la mwili. Kampuni ya Mattel iliweka alama ya 1966 kwenye miili ya Barbie iliyoendelea kutengenezwa hadi miaka ya 1990. Mtu anaokota mdoli wa miaka ya 1990, anaona 1966, anaandika "wa miaka ya sitini" kwenye lebo, kisha anagombana na mnunuzi saa nne asubuhi.

Ili kukaribia ukweli, unganisha ushahidi. Soma alama ya mwili, halafu alama iliyo nyuma ya shingo au ukingoni mwa kichwa kwa ndani, kwa sababu kichwa kina mwaka wake na mara nyingi hutofautiana na mwili. Mwanasesere hawezi kuwa mzee kuliko mwaka mchanga zaidi ulioandikwa juu yake. Kisha soma nchi. Barbie wa kwanza, aliyeonyeshwa New York tarehe 9 Machi 1959, alitengenezwa Japani. Malaysia, China na Indonesia ni za miongo ya baadaye. Mwisho angalia uchoraji wa macho na aina ya nywele.

Kwa wanasesere wa kauri wa Ujerumani, alama iko nyuma ya kichwa chini ya wigi: herufi, namba ya kalibu na namba ya ukubwa. "A.M. 390" ni Armand Marseille, kalibu ya 390, mojawapo ya zile zilizotolewa kwa wingi sana. Neno "Germany" nalo lina maana yake, kwa kuwa sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ililazimisha bidhaa za nje kuandikwa nchi zilikotoka. Mwenye neno hilo kwa kawaida ni wa 1891 au baadaye.

Niwasafishe vipi kabla ya kuwaleta?

Kidogo kuliko unavyofikiri. Tunaona wanasesere wengi walioharibiwa na usafi kuliko walioharibiwa na uchafu. Kwa mdoli wa kawaida wa plastiki, vua nguo zote na uanze na mswaki laini mkavu kutoa vumbi la mikunjo. Kisha chukua maji vuguvugu, tone mbili za sabuni ya maji ya vyombo, na kipande cha kitambaa laini kilichokamuliwa. Futa mwili kwa sehemu. Usoni tumia kijiti cha pamba cha masikio, na usiguse rangi ya midomo na nyusi zaidi ya mara moja. Usimzamishe. Maji yakiingia kwenye goti lenye waya au nyuma ya macho ya kufumba na kufumbua, chuma kitashika kutu ndani na kutu itajitokeza baada ya wiki kadhaa kama doa la kahawia usiloweza kulifikia.

Usitumie jiki, petroli, spiriti wala kiondoa rangi ya kucha. Kiondoa rangi ya kucha chenye asetoni hulainisha plastiki ngumu papo hapo, na alama ya kidole chako itabaki pale.

Nywele zimesokotana. Nifanyeje?

Osha kwa sabuni ile ile, suuza, kisha paka dawa ya kulainishia nguo iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, uiache dakika kumi. Chana kwa kitana cha chuma kuanzia ncha ukipanda taratibu, huku umeshika shina la nywele kwa vidole vya mkono wa pili ili usizing'oe kwenye matundu.

Maji ya moto hunyoosha au kukunja baadhi ya nywele, lakini si zote. Nyuzi za bandia za saran na nailoni huvumilia: funika uso kwa kitambaa, acha maji yaliyochemka yapoe dakika chache, kisha mimina juu ya nywele zilizofungwa kwenye mirija au zilizochanwa zikanyooka. Kanekalon ya wanasesere wa zamani husinyaa na kuwa kama sufu iliyoungua. Kwa vile sote tumeona rasta zikichovywa kwenye maji ya moto salunini, wengi hudhani nywele za mdoli ni zile zile. Usidhani. Kata uzi mmoja au mbili kisogoni, utumbukize kwenye kikombe cha maji ya moto, usubiri dakika moja. Ukijikunja au ukipoteza mng'ao, tumia maji vuguvugu pekee.

Nywele zikiwa na mafuta yasiyoisha hata ukiosha, hiyo ni gundi iliyomo kichwani inayopenya kupitia matundu. Ni tatizo la wadoli wengi wa kiwandani wa miaka ya karibuni. Osha mara mbili kwa sabuni ya vyombo, kausha kabisa, nyunyiza unga laini wa wanga wa mahindi, ulaze usiku kucha, uchane asubuhi. Yatatulia kwa siku ya mkutano. Joto likirudi, nayo yatarudi. Dawa ya kudumu ni kutoa kichwa, kukwangua gundi na kushonea nywele upya, kazi ambayo haifanywi wiki ya mwisho.

Kuna doa la kijani sikioni. Na miguu inanata. Ni uchafu?

Si uchafu. Kijani hutokana na shaba iliyo kwenye hereni kuliwa pole pole na plastiki laini ya vinili. Toa hereni kwanza, la sivyo hakuna dawa itakayofaa. Wakusanyaji wengi hutumia krimu ya chunusi yenye benzoili peroksaidi asilimia 10: pakaa utando mwembamba juu ya doa pekee, funika kwa karatasi ya plastiki ya jikoni, weka penye mwanga wa dirisha, angalia kila baada ya saa chache, futa, rudia. Inaweza kuchukua siku kadhaa.

Hapa tunasema kwa mkazo: usiitumie kwa mwanasesere mweusi. Krimu hiyo hupausha rangi ya plastiki yenyewe. Kwa ngozi nyeupe ya vinili mpauko hauonekani sana, lakini kwa ngozi ya kahawia hubaki baka jeupe la kudumu lililo baya kuliko doa la awali. Acha kijani, andika kwenye lebo.

Miguu kunata ni vilainishi vilivyochanganywa kwenye vinili vikitoka nje, na joto huviharakisha. Futa kwa maji ya sabuni, kausha, pakaa unga wa wanga kidogo sana. Usimfunge kwenye mfuko wa plastiki uliobana; vilainishi havina pa kwenda, vitarudi kumlowesha yeye na nguo zake.

Wangu ni wa kauri, au wa unga wa mbao. Naye nimsafishe hivyo hivyo?

Wa kauri, kichwa tu, na kwa kitambaa chenye unyevu mdogo. Kabla ya hapo toa wigi, washa tochi ndogo ndani ya kichwa kwenye chumba chenye giza, uzungushe polepole. Ufa mwembamba usioonekana mchana utatokea kama mstari mweusi. Kauri iliyokarabatiwa nayo hujitokeza, kwani gundi na rangi haipitishi mwanga sawasawa. Mnunuzi mzoefu atakuja na tochi yake, basi afadhali ujue kabla yake.

Wale wa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, waliotamba kabla ya plastiki ngumu kuenea, usiwatie maji hata tone. Rangi yao imepasuka vinyufa vidogo vidogo, maji huingia humo, unga unavimba, na ngozi inabanduka vipande. Brashi laini kavu inatosha.

Seluloidi ni suala jingine kabisa. Ukimsugua mwanasesere mwepesi wa zamani kwa kidole gumba hadi apate joto, kisha akanuka kafuri, huyo ni seluloidi, naye hushika moto kwa kasi ya kutisha. Asikae karibu na taa ya joto, mshumaa wala jiko la chai, asiachwe ndani ya gari juani, na asifungwe sanduku moja na wengine, kwa sababu akianza kuoza hutoa mvuke wa asidi unaokula chuma na nguo za majirani. Plastiki ngumu ya zamani inayonuka siki nayo itengwe.

Tunaweza kuleta wanasesere wa nyumbani, wa magunzi na wa migomba?

Tungependa waje zaidi kuliko wanavyokuja. Mtoto wa gunzi la mahindi aliyefungwa kitambaa, wa maganda makavu ya mgomba, wa shanga za Kimaasai, wa jiwe la sabuni kutoka Tabaka kule Kisii, wa Turkana aliyetengenezwa kwa kokwa la mkoma na kuvikwa shanga na ngozi: hawa ndio ambao mgeni kutoka mbali hajawaona, na ndio wanaopotea haraka. Andika nani alitengeneza, wapi, kwa nyenzo gani. Ukiwa na jina la fundi na akikubali litajwe, liandike.

Adui wao ni wadudu. Magunzi na nyuzi za mgomba huja na fukusi na nondo. Dalili ni unga laini chini ya kitu na matundu madogo ya duara. Tiba salama ni friza: mfunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, funga kabisa, weka kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukimtoa usiifungue mifuko hadi saa 24 zipite, ili unyevu ugande nje ya mfuko, si juu yake. Stima ikipotea hadi friza ikayeyuka, hesabu upya kutoka mwanzo. Njia hii ni ya nyuzi, mbao kavu na kitambaa tu. Usiweke kauri, nta, macho ya kioo wala mwenye uso uliopakwa rangi.

Yule wa bibi ana manyoya ya mbega na jino la mnyama. Naye?

Mwache nyumbani. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inakataza kumiliki na kuuza nyara za wanyamapori bila kibali, na haijali kwamba kitu ni cha kale au ni kidogo. Manyoya ya mbega, ngozi ya chui, pembe za ndovu, gamba la kasa, vyote vimo. Wasiliana na Shirika la Wanyamapori (KWS) kuhusu ulicho nacho kabla ya kukisafirisha popote. Mezani kwetu hakitawekwa.

Nimshonee nguo za kitenge au shuka. Kuna tatizo?

Ni wazo zuri lenye hatari mbili.

Ya kwanza ni ukubwa wa maua. Barbie ana urefu wa sentimita 29, yaani kiasi cha moja ya sita ya mtu. Ua la kitenge la sentimita kumi litafunika kifua chote. Tafuta vitenge vya maua madogo, au tumia pindo tu la kitambaa. Kikoi chembamba chenye mistari kinakaa vizuri zaidi. Kwa wanasesere wa sentimita 46, kama American Girl waliouzwa kuanzia 1986, kitenge cha kawaida kinafaa. Acha milimita 5 za mshono, si sentimita moja na nusu kama nguo ya mtu, la sivyo kiuno kitavimba. Funga kwa vifungo vidogo vya kubonyeza. Velkro hukamata nywele kila unapovisha.

Ya pili ni rangi kuchuja. Shuka nyekundu na kitenge cha buluu iliyokolea huacha rangi ndani ya vinili, na rangi ikishaingia hurudi nyuma kwa shida au hairudi. Jaribu hivi: lowesha kona ya kitambaa, iweke juu ya pamba nyeupe, pitisha pasi ya moto. Pamba ikipata rangi, fua kitambaa mara kadhaa kwa maji moto na ujaribu tena. Bado ikichuja, shona bitana nyeupe ya marekani (kitambaa cha pamba) katikati ya kitambaa na ngozi. Hata hivyo usimsafirishe akiwa amevaa. Mvishe ukumbini.

Nitawasafirishaje kutoka Nakuru bila kuvunjika?

Kutoka Nakuru hadi Kisumu kupitia Kericho ni kilomita karibu 180, zenye matuta mengi, mvua ya Kericho na joto la Ahero katika siku moja. Kinachovunja si ajali. Ni mtikisiko mdogo unaorudiwa mara elfu, kitu kigumu kikigusa kitu kigumu.

Kila mwanasesere afungwe peke yake kwa karatasi laini nyeupe isiyo na asidi au marekani iliyofuliwa bila rangi wala dawa. Gazeti lisiguse ngozi, wino wake huhama. Kichwa kipate safu mbili zaidi ya mwili, na weka karatasi iliyokunjwa kati ya mikono na mwili, kati ya mguu na mguu. Mwenye macho ya kufumba na kufumbua alazwe kifudifudi: kipande cha madini ya risasi kinachoyasukuma macho ni kizito, akilala chali kila tuta litakigonga kwenye kichwa kwa ndani, na macho yataanguka. Tumeona vichwa vizuri vikifika na macho yakigongana ndani kama kokoto. Wa kauri aingie kwenye sanduku ndani ya sanduku, na kati yake sentimita tano za mto pande zote sita. Ukitikisa katoni na kusikia kitu kikitembea, fungua uanze tena.

Ndani ya matatu, katoni ikae miguuni pako au kwenye kiti ulicholipia. Siyo kwenye keria juu, ambako turubai likipigwa na jua huwa tanuri, na siyo kwenye buti chini ya magunia ya viazi. Mwambie makanga mapema, tena kwa upole, kwamba ni vitu vya kuvunjika na wewe ndiwe utakayevipakia. Kwa ndege, wa kauri asafiri na wewe ndani. Kutoka stendi hadi ukumbini chukua tuktuk badala ya boda. Nauli ya ziada ni ndogo kuliko bei ya mkono mmoja wa kauri.

Ukifika, usifungue katoni papo hapo ikiwa ilipita baridi ya Kericho asubuhi. Iache nusu saa ndani ya ukumbi ili ipate joto la Kisumu polepole, vinginevyo unyevu utatua juu ya kauri na macho.

Meza ina ukubwa gani, nami nilete nini?

Hesabu meza ya sentimita 180 kwa 75, halafu uulize tena utakapolipia. Barbie mmoja kwenye stendi anahitaji sentimita 12 ili mtu aweze kumchukua bila kumwangusha jirani, kwa hiyo safu moja ni wadoli 14 au 15, wala si 30. Inua safu ya nyuma kwa masanduku ya viatu yaliyofunikwa kitambaa kimoja cha rangi isiyokolea. Kitambaa kifike chini, ndipo makatoni yako yafichike.

Lete stendi zako na tatu za ziada, mkasi, uzi mweupe, sindano, pini, kitana, kijitabu cha risiti, kalamu mbili, lebo tupu, tochi, pawabanki, ekstensheni, na maji ya kunywa yenye kizibo. Upepo wa ziwa huamka alasiri na madirisha huwa wazi. Stendi nyepesi zifungwe mbili mbili kwa uzi wa nailoni chini ya kitambaa. Usitumie gundi laini ya kubandikia mabango chini ya miguu, kwani huacha mafuta kwenye vinili. Vitu vikilala ukumbini, funika meza nzima kwa shuka la pamba jioni kabla taa hazijawashwa: wadudu wa sami kutoka ziwani hufuata mwanga, na wakikandamizwa juu ya gauni jeupe huacha doa.

Rezini, plastiki ya kumimina ya baadhi ya wanasesere, haitaki meza ya dirishani. Jua la ikweta huifanya njano, na njano hiyo haifutiki.

Lebo iandikwe nini?

Hili ndilo tunalolijali kuliko yote. Mwanasesere mwenye kasoro zilizoandikwa hupata mnunuzi. Aliyefichwa kasoro hukuondolea wanunuzi wa mwaka ujao. Mfano wa lebo tunayoipenda:

"Barbie, Mattel. Alama mgongoni 1966, Malaysia. Mwaka wa kutengenezwa haujathibitishwa. Nywele ni zake, zimepunguzwa mbele. Gauni si la asili, limeshonwa Kisumu kwa kitenge. Doa la kijani sikio la kushoto, halijatibiwa. Goti la kulia halikunji. Ameoshwa kwa sabuni tu. Bila sanduku."

Ona kwamba imesema kilichofanywa na kisichofanywa. Neno "asili" litumike kwa kile tu unachoweza kuthibitisha. "Nadra" tunaomba usiliandike kabisa. Mwachie mnunuzi aamue. Ukiwa umepaka rangi midomo upya au umebadilisha kichwa, andika kwa maandishi ya ukubwa ule ule wa bei.

Lebo ifungwe kwa uzi mkononi au iwekwe mbele ya stendi. Isibandikwe kwenye ngozi, na pini isipite kwenye nguo ya zamani.

Waamuzi wa mashindano wanaangalia nini?

Kwa wa zamani: hali, ukamilifu wa nguo na viatu, na usahihi wa maelezo. Kwa waliobadilishwa au kutengenezwa kwa mikono: mishono, uwiano, uchoraji wa uso. Wanaangalia upande wa ndani wa nguo. Aliyeingia kundi lisilo lake hushindwa kabla ya kuguswa, basi uliza mapema. Kumvisha wa zamani nguo mpya na kumwingiza kundi la "asili" ndilo kosa la kila mara.

Nataka kuanza mkusanyo wenye mada. Mnashauri nini?

Wanasesere weusi, na tunasema hivyo bila kuona haya. Historia yao ina mpangilio unaofuatika na bado wanapatikana. Mwaka 1968 Mattel ilimtoa Christie, rafiki wa Barbie; mwaka huo huo kampuni ya Shindana Toys ilianzishwa Los Angeles na watu weusi wa mtaani, ikamtoa Baby Nancy. Mwaka 1980 akaja mdoli mweusi wa kwanza kuitwa Barbie, aliyebuniwa na Kitty Black Perkins. Mwaka 1994 akatoka Kenyan Barbie katika mfululizo wa Dolls of the World, akiwa na mavazi mekundu yaliyoigwa kwa Wamaasai. Mweke huyo karibu na mwanasesere wa shanga aliyetengenezwa na fundi wa huku, na meza yako itasimamisha watu.

Malipo yanakwendaje, na wizi je?

M-Pesa ndiyo njia kuu, namba ya till ikiandikwa kubwa mezani. Subiri ujumbe ufike kwenye simu yako mwenyewe na uhakikishe salio limeongezeka. Ujumbe unaoonyeshwa kwenye simu ya mnunuzi si malipo, hata ukiwa na jina lako. Mlipaji anaweza pia kuomba muamala urudishwe kwa kutuma ujumbe ule kwa 456, hivyo andika risiti yenye namba ya muamala na jina la kitu, nyote wawili mtie sahihi. Weka chenji ya noti ndogo. Usiache meza bila mtu. Pangana na jirani zamu ya chakula.

Watoto wanaruhusiwa?

Wanakaribishwa. Weka pembeni wadoli watatu imara wa kushikwa, uandike "shika". Mtoto aliyepewa wa kushika haombi wa kauri. Viatu na hereni ndogo visiwe mahali pa mtoto wa chini ya miaka mitatu.

Na chakula?

Si mezani. Mafuta ya samaki na vinili havipatani, na harufu hukaa kwenye nywele za nailoni kwa miezi.

Naweza kupiga picha?

Omba mwenye meza. Ukiruhusiwa, zima mwanga wa simu na utumie wa dirisha. Picha za watu, hasa watoto, ni ruhusa nyingine.

Nimenunua. Nikifika nyumbani nifanye nini?

Usimweke kabatini na wengine. Mweke peke yake kwenye katoni yenye karatasi nyeupe chini, wiki tatu, uangalie karatasi kila baada ya siku chache. Unga au vinyesi vidogo vyeusi maana yake ni wadudu. Harufu ya siki, atengwe kabisa. Doa la mafuta chini yake ni vinili inayotoa vilainishi. Vua nguo za rangi iliyokolea siku ya kwanza. Tunza lebo aliyokuja nayo pamoja na risiti kwenye bahasha, uandike nyuma tarehe, bei na mahali. Utakapomleta mezani siku moja, maswali ya mnunuzi yatakuwa ndiyo hayo hayo.